Upepo wa Kwenye Gemu

Kaka Kalisti, shikamoo. Huku Geita mama hajambo, mahindi tumeshapukuchua.

Mdogo wetu Maduhu anakuja kwako Nkome Jumamosi, anataka kuendesha mtumbwi wa tanga. Kajifunzia kwenye gemu ya meli za vita za tanga, kwa Imran mwenye kibanda cha gemu. Mle meli inaukabili upepo uso kwa uso, inasonga tu na haipinduki. Imran anasema wameiweka hivyo ili wachezaji wote wawe sawa. Maduhu akaniuliza mbele ya watu, "Wewe umewahi kuvua samaki ziwani, si ndivyo ilivyo?" Wote wakanitazama. Nikaona aibu kumpinga, nikaitikia ndiyo.

Jana nimemwambia ukweli, kwamba ziwani upepo huupindua mtumbwi, akacheka. "Acha wivu bwana, ulishasema mwenyewe."

Naogopa, kaka. Usimpe mtumbwi hata akinuna. Hata kuogelea hajui.

Mdogo wako,
Edward