Usimlete Baba Uwanja wa Ndege

Dada yangu,

Mimi ni mzima. Mtihani wa mwisho niliufanya Jumanne, na leo nimerudisha ufunguo wa chumba. Msimamizi wa bweni amekagua mpaka chini ya kitanda, akasema, "Safi, mdogo wangu. Wenzako huniachia jalala." Begi lilizidi kilo mbili, kwa hiyo vitabu nimewagawia wenzangu. Nitafika Ijumaa saa nne asubuhi.

Sasa, dada, nikwambie. Muhula mzima kila nikipiga simu unasema Baba amelala, au yuko bafuni. Jumapili iliyopita ulisahau kukata simu. Nikakusikia ukimbembeleza, "Fungua mdomo, Baba, kijiko kimoja tu." Naye akajibu kwa ulimi mzito, sikuambulia hata neno.

Nililia sana, lakini Jumanne nikaingia kwenye mtihani. Sina kinyongo nawe. Ungeniambia mapema, ningeacha masomo, na wewe unanijua.

Basi usimlete uwanjani, wala usimvishe suti ili nione yu mzima. Mwache kitandani. Ijumaa mchana wewe ulale, nitamlisha mimi.

Mdogo wako