Picha Niliyoiagiza kwa Mazishi Yangu

Neustiftgasse, Vienna
2 Machi 1911

Mpendwa mdogo wangu Ottilie,

Pokea salamu zangu na za paka wangu, ambaye bado yu hai kwa ukaidi tu. Hujambo? Bwana Depaoli hajambo, na watoto wanaendeleaje? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi huku tu wazima. Kwaresima imeanza jana, na tumbo langu limeshaanza kulalamikia samaki wa chumvi.

Barua yako niliipata. Unataka nikuambie kweli kama mwanao Severin ana kipaji au anapoteza muda, maana mumeo amemwekea kiti katika ofisi yake ya kahawa huko Trieste, na kiti hakiwezi kungoja. Umesema neno langu ndilo litakaloamua. Basi soma hadi mwisho.

Sikufichi, neno nilikuwa nalo tayari: mchukue. Picha zake nilizokuwa nimeziona ni za watu wa kijani, macho yamewatoka, mabega yamepanda hadi masikioni. Nilimwuliza kwa nini hachori watu kama walivyo. Akaniambia, “Sura kila mtu anaiona, Mama mkubwa. Mimi nachora kile kinachonifikia.” Nikamwambia kinachomfikia ni ugonjwa wa ini.

Hata hivyo nilitaka kumtendea haki. Unanijua, mazishi yangu nimeshayapanga yote, farasi weusi, matarumbeta, hata wimbo. Kilichokuwa kimebaki ni picha ya kuwekwa karibu na jeneza sebuleni, ili majirani wakija wanione nilivyokuwa. Nikamwagiza Severin. Nikamwambia, “Nipendezeshe, maana marehemu hawezi kujitetea.”

Nikaketi na gauni langu la hariri nyeusi na glavu nyeupe za ngozi laini ya mwanambuzi, nilizozishona mwenyewe. Tangu nifungue duka la glavu, hakuna mteja wala jirani aliyewahi kuiona mikono yangu wazi. Nani atanunua glavu kwa mtu mwenye vidole vilivyopinda? Severin akaniomba nizivue. Nikakataa, naye hakubishana.

Aliponigeuzia picha nilitamani kumfukuza. Uso wa kijani na manjano, sawa, niliutarajia. Lakini ile mikono, Ottilie. Ilikuwa wazi, myekundu, vifundo vimevimba, mikubwa kuliko kichwa. Nikamwuliza aliiona wapi.

“Ndiyo iliyonivua buti siku mama aliponileta kwako nikiwa mdogo,” akasema. “Niliiona kabla sijauona uso wako.”

Sikutaka kusikia zaidi. Nikaigeuza picha ikatazama ukuta.

Jumamosi ikafika sikukuu ya jina langu, na majirani wakaja kula maandazi ya jamu kama kila mwaka. Bibi Zwettler, yule muuza maziwa wa ng’ambo ya barabara, hawezi kuona kitu kimegeuzwa asikigeuze. “Mungu wangu, Walpurga, nani kakutia kwenye tanuri?” Mumewe naye akadakia, “Mwache, si picha ya mazishi? Kamchora atakavyokuwa akishazikwa.” Watu walicheka hadi sukari ya maandazi ikawapalia. Severin alisimama karibu na jiko akitafuna andazi lake, wala hakuinamisha kichwa.

Hasira zikanipanda. Nikamwambia mbele ya watu wote aipake ile mikono glavu, sasa hivi, la sivyo asikanyage tena nyumbani kwangu.

Akaleta rangi zake. Akachovya brashi kwenye nyeupe, kisha akanipa mimi. “Fundi wa glavu ni wewe, Mama mkubwa. Paka mwenyewe. Sitakununia.”

Nikanyoosha mkono kuipokea. Sasa wewe unajua tulivyofunzwa na marehemu baba: rangi haiigusi ngozi ya mwanambuzi, hata nyumba ikiwaka moto. Nikaivua glavu ya kulia bila kufikiri, nikashika brashi, nikaisogelea picha. Nikautazama mkono wa kwenye picha, nikautazama wangu kando yake. Ulikuwa huohuo.

“Hivi ndivyo ulivyo siku zote?” Bibi Zwettler akauliza kwa sauti ya chini.

“Siku zote,” nikamjibu.

Akaja akaushika, yeye na domo lake lote, akaupapasa vifundo. Tangu mume wangu afe hakuna aliyewahi kuushika. Nililia, mdogo wangu, na sioni haya kukuambia. Kisha nikaisafisha brashi nikamrudishia Severin. Picha itabaki ilivyo, na ndiyo itakayokaa karibu na jeneza langu. Glavu sasa navaa kwa ajili ya baridi tu.

Basi neno langu ni hili: Severin haji Trieste. Kile kiti mumeo ampe mwingine. Kipaji anacho, na namna yake ya kuona watu ni yake peke yake, haifai kufungiwa na magunia ya kahawa.

Tena, kwa kuwa uliomba kweli, nikupe yote. Wewe pia amekuchora. Nilipoiona nilitafuta uso wako, sikuupata. Ni mgongo tu, koti la kahawia, kofia yenye unyoya, na mlango wa behewa la treni ya Trieste. Nikamwuliza uso uko wapi. Akasema, “Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho. Siwezi kumbunia uso.” Alisema kwa upole, akiosha brashi zake.

Kwa hiyo usimwite yeye akaketi huko. Njoo wewe uketi hapa, Pasaka i karibu na kitanda kipo. Turubai ya kukuchora ameshaiwamba.

Nisalimie Bwana Depaoli, asiudhike sana. Wabusu Nives na Tullio, waambie kaka yao anawauliza. Mungu akukinge na upepo mkali wa huko, na akuletee kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Walpurga