Uso Ulio Juu ya Kabati Lako

Mwanangu kifungua mimba,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu na wajukuu. Hamjambo? Mimi sijambo, miguu bado inanitii, na meno ninayo yote isipokuwa yale yaliyoondoka yenyewe. Naandika kwa ile kalamu nene, rula nimeilaza chini ya mkono. Mistari ikipandana, usinicheke.

Unakumbuka ulivyonipeleka kwa nguvu kwenye kile kituo cha wasioona. Nilimwambia mwalimu kwamba mimi si mtu wa kuchezea udongo na watu wa kupapasa, nusu ya kuta za mji huu nimezijenga, na jicho la kushoto bado linaona mwanga. Akanijibu kwa upole kwamba pale hawashindani, udongo ni wa kutoa yaliyokwama moyoni. Nikasema kwangu hakijakwama kitu.

Jirani yangu mezani ni mama mmoja aliyekuwa mshonaji. Haoni hata kivuli, lakini ulimi wake, we acha tu. Aliniita Mheshimiwa Jicho Moja, darasa zima likacheka. Siku tulipoambiwa kila mtu afinyange uso anaoukumbuka, yeye alimfinyanga binti yake aliyefariki. Alisema alimwosha uso kila asubuhi tangu akiwa mchanga, vidole havijasahau. Mimi nikatangaza kwa sauti kwamba namfinyanga marehemu mama yako.

Siku tatu, mwanangu. Naweka pua, naing'oa. Ukuta naujua kwa kiganja, lakini uso wa mama yako, miaka arobaini na mbili niliutazama tu. Sikuwahi kuugusa nikatulia.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Ule uso ulio juu ya kabati lako, unaousalimia kila asubuhi, si wa mama yako. Ulisema hafanani sana, nami nikakukaripia kwamba hujui sanaa. Ni binti wa mshonaji. Kazi zilipoanikwa dirishani, nilitumia hilihili jicho ninalojivunia nikabadilisha vibao vya majina. Nilidhani asiyeona hatajua. Alipoupapasa wa kwangu aliuliza, "Fundi, mbona huyu si mwanangu?"

Nikamwambia udongo ukikauka hujikunja, hata kuta huwa hivyo. Akaniamini, maana mimi ni fundi. Mpaka leo ananishukuru kwa kumweleza, na kila darasa anaupapasa ule uso wangu mbovu, akimtafuta mtoto wake.

Nina aibu, mwanangu. Hata chai nakunywa nikiwa nimempa kisogo.

Uufunge kwa nguo laini uulete Jumatatu kabla ya darasa. Nitamkabidhi mkononi mwenyewe, na kusema nitasema mwenyewe, usije ukanisemea. Akinitukana, usimjibu.

Na ukifika, ukae nami kidogo uniache niupapase uso wako. Watu wote walikuwa wakisema umefanana na mama yako. Mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Nisalimie wote hapo kwako, na huyo mdogo mwambie babu anamkumbuka.

Ni mimi baba yako,
Fundi