Kiroba cha Mama na Seli za Kijani

Shikamoo Mama,

Kile kiroba cha ndizi cha mwezi uliopita kilifika dukani kwa baba mdogo, Kariakoo, umekishona utadhani kinakwenda vitani! Wapagazi wawili walishindwa kukifungua. "Shemeji hataki tule!" akafoka baba mdogo, akakipasua kwa kisu.

Nilicheka, halafu nikagutuka. Kosa langu la maabara lilikuwa hilohilo. Jeni tunaipeleka ndani ya seli bila kutumia virusi kama wabebaji, tumeifunga kwa polima, nyuzi nyembamba mno. Nilikuwa naikaza isipotee njiani, ikawa inafika salama lakini haifunguki.

Basi nikatengeneza polima inayolegea yenyewe ikishaingia. Leo asubuhi nimechungulia kwenye hadubini: seli tele zinawaka kijani, rangi inayoletwa na jeni yetu! Mkuu wetu, aliyeapa kwamba hili ndilo jaribio la mwisho, amepiga vigelegele, mwanaume mzima, hadi Upanga nzima imesikia.

Hii bado si dawa ya selimundu inayomsumbua mdogo wangu Eliya, usimdanganye. Lakini mzigo umefika, Mama, na umefunguka.

Wewe endelea kushona vilevile. Kisu ninacho.

Mwanao akupendaye,
Anande