Ng'ombe Wanne wa Kwenye Fomu

Baba yangu uliyelala Tetu,

Leo nimetoka kwa chifu mara ya tano. Miguu inaniuma, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe, ingawa ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike pembeni mwa majani chai.

Unakumbuka siku tuliyoenda saiba, lile duka la intaneti pale Gatitu, kujaza fomu ya ruzuku ya chuo? Ile pesa ambayo serikali huwapa watoto wa wasiojiweza. Ulivaa koti la kanisani. Msichana wa kompyuta alisoma maswali kwa sauti, na foleni nyuma yetu ilijaa watu wa kanisa letu, ambako wewe ulikuwa mzee wa kanisa.

"Mzee, ng'ombe ziko ngapi?"

"Ziko nne."

Nne wapi, baba? Watatu walikuwa wa baba mkubwa, wewe uliwalisha tu. Akauliza nyumba. Ukasema ni ya mawe, na mawe yalikuwa msingi peke yake, juu ni mbao zile zile. Nikakuvuta koti. Ukaninong'oneza, "Nyamaza, mama. Mtu hajianiki mbele ya watu." Uliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na mama gani angekuaibisha? Nikaliachia koti.

Serikali ikaamini. Tukawekwa pamoja na wenye uwezo, nikapewa ruzuku kiduchu, na muhula wa tatu karo ikanishinda, nikarudi nyumbani. Wewe ukaenda kuchuma chai ya watu kutwa nzima, kifua kikikubana, ukisema ati ni baridi ya mlima tu. Haikuwa baridi. Nimekukasirikia sana, baba, halafu najikasirikia mimi niliyesimama pale nikiwa na mdomo.

Ulipoondoka nikakata rufaa. Niliandika ukweli wote: ng'ombe mmoja, mbao, kibarua. Wakaikataa mara mbili, ati fomu ya kwanza ilijazwa na mzazi mwenyewe. Nikajaza tena, nikaambatanisha barua za chifu na kila cheti walichotaka, hata cha kifo chako.

Jibu limekuja leo. Wameniongezea, na Jumatatu narudi chuoni. Chifu alinipa mkono wa hongera. Nikasoma sababu waliyoandika. Hawakutaja ng'ombe wala nyumba. Wameandika maneno mawili tu: "Mzazi amefariki."

Pumzika, baba. Mimi nimechoka, lakini nitaenda.

Binti yako wa kwanza