Keki ya Troy

Dada Noreen,

Sisi huku Montana wazima, ila dubu amerudi. Kila jioni anapindua mapipa ya taka nyuma ya mgahawa. Bwana wanyamapori katuambia, "Akishaonja mabaki ya mezani, huyo hafukuziki tena. Dawa yake risasi."

Tressa wangu ametolewa plasta ya mkono uliovunjika, amerudi kazini mgahawani pamoja nami. Ukiulizwa, sema aliteleza kwenye barafu. Jina la barafu hiyo wewe na mimi tunalijua.

Jana mumewe, Troy, alikuja kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Kwetu mteja wa namna hiyo lazima wahudumu wote tumzunguke, tumwimbie, tumpe keki ya bure. Bosi akanifinya: "Darla, tabasamu basi!" Nikaimba. Nikapiga makofi. Keki aliileta Tressa mwenyewe, kwa mkono ule ule.

"Mama mkwe, kumbe sauti unayo!" Troy akacheka. "Basi yameisha, au siyo?"

Kazi ilipokwisha, Tressa akapanda gari la Troy. Hakunitazama.

Bunduki ya marehemu baba bado unayo? Jumapili nakuja kuichukua. Wakikuuliza, sema ni ya dubu.

Mdogo wako,
Darla