Mkono wa Ngui

Hapana Kitheka, hawajamfunga! 

Ngui, kijana yangu dereva huko Saudia, amempatia bibi ya tajiri wake mkono. Mkono, Kitheka! Kusalimia tu, vile tunasalimia mama yeyote hapa Mwala.

Kumbe huko mwanaume hagusi bibi ya mtu mwingine. Mama akaruka nyuma ya mlango. Tajiri akashika simu aite polisi. Ngui akamlilia tajiri:

"Baba, kwetu kumnyima mama mkono ni kumtukana!"

Tajiri bado anabonyeza namba. Anabonyeza, Kitheka!

Halafu bibi yake akasema huko nyuma ya mlango: "Mwache. Hata wewe hujawahi kunisalimia hivyo."

Tajiri akaweka simu chini.

Ngui ametupigia saa hii. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, imepoa kabisa, lakini sasa tumekaa wote, tunakula.